Anayetazama ni Nani? Mhadhara juu ya Umbali na Kimo cha Kamera



Nimeombwa nizungumzie shoti na engo. Kila mwanafunzi wa filamu ana ukurasa wa mada hii kwenye daftari lake: shoti ya mbali huonesha mahali, ya kati huonesha watu na mikono yao, klozapu huonesha hisia, kamera ikishuka mtu anakuwa mkubwa, ikipanda anakuwa mdogo. Ukurasa huo si mbaya, ila unaanzia katikati. Kabla ya jina la shoti kuna swali moja: anayetazama ni nani, na yuko wapi? Popote unapoiweka kamera, hapo ndipo umemweka mtazamaji wako. Umemkalisha chini, au umemsimamisha mlangoni, au umempandisha darini, au umemsogeza mpaka karibu anasikia pumzi za mwenzake. Hilo ndilo ninalolishikilia jioni ya leo, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Nianze na historia yetu wenyewe, maana kuna waliowahi kukaa na kuamua kwamba watu wa nchi hizi wasioneshwe klozapu.

Mwaka 1935 ulianzishwa mradi wa sinema za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Waliouongoza ni Meja Notcutt na bwana Latham. Hadi mradi unafungwa mwaka 1937, filamu 35 zilikuwa zimetengenezwa na kuzungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya na Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda kitengo chake cha filamu kwa ajili ya makoloni, na mkuu wake akawa William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria na kuonesha filamu huko. Sellers aliamini amegundua jinsi Mwafrika anavyotazama, na mwaka 1941 akayachapisha mawazo yake. Shoti ziwe ndefu na za polepole. Kamera isigeuzwe huku na huku, kwa sababu mtazamaji atadhani nyumba na miti inatembea. Klozapu zisiingie ghafla, kwa sababu zitamchanganya. Hadithi iliyotumika sana kuthibitisha hayo ni ya mbu: watu wa kijiji walioneshwa mbu aliyejaa skrini nzima, wakajibu kwamba mbu wakubwa namna ile kwao hawapo, basi malaria si tatizo lao.

Hadithi hiyo ilisimuliwa kuhusu vijiji vingi mno kiasi cha kutia shaka. Lakini tuseme ilitokea. Hao wanakijiji walikosea nini? Klozapu ya mbu peke yake, bila mkono wa mtu, bila chandarua, bila kitu chochote cha kumlinganisha naye, haisemi mbu ana ukubwa gani. Waliuliza swali ambalo mwongozaji alipaswa kujiuliza kabla ya kubonyeza kitufe. Shoti moja zaidi ingetosha: mbu huyohuyo akiwa juu ya mkono wa mtoto aliyelala, halafu ndipo kamera isogee. Kasoro ilikuwa ya mpangilio wa shoti, na lawama wakatupiwa watazamaji.

Na hao watazamaji walikuwa nani? Unguja ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu mwaka 1921. Miaka ileile Sellers anaandika kanuni zake, watu wa mjini Zanzibar na Dar es Salaam walikuwa wanapanga foleni kukata tiketi za filamu za Kihindi, za Kimarekani na za Kimisri. Raj Kapoor alipotoa Awara mwaka 1951, ikapendwa katika pwani hii na watu wasiojua neno moja la Kihindi. Waliifuata kwa nyuso. Uso wa Nargis ulijaa skrini na ukumbi mzima ukaelewa anachokiogopa. Mwaka mmoja baadaye, hapa Tanganyika, kijana Rashidi Kawawa akawa nyota wa filamu ya Muhogo Mchungu. Miaka kumi tu baada ya hapo akawa Waziri Mkuu. Watazamaji hawa si watu wa kufundishwa polepole jinsi ya kuitazama picha. Nawaambia haya vijana kwa sababu bado nasikia, hata kwa watayarishaji wetu wenyewe, kwamba mtazamaji wetu hataelewa, kwamba shoti iwe rahisi, kila kitu kielezwe kwa maneno. Maneno hayo yana umri wa zaidi ya miaka themanini, na hayakuwa kweli hata siku yalipotamkwa.

Kuna kisa kingine cha namna hiyo ambacho nakipenda, kwa sababu kinafundisha kitu ambacho waliokisimulia hawakukikusudia. John Wilson, msomi wa Chuo Kikuu cha London, alieleza jinsi mkaguzi wa afya alivyotengeneza filamu ya dakika tano hivi kuhusu kuondoa maji yaliyotuama: mtu anaokota makopo matupu na kuyaweka mahali pake, polepole sana. Marshall McLuhan alikiingiza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji wapatao thelathini walioneshwa filamu, kisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kama mna kuku ndani yake. Wakairudia picha kwa picha, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku alikatiza kwenye kona ya chini ya fremu.

Wilson alichukulia kwamba watu hawa hawajajifunza kuiona picha nzima. Mimi nasema waliiona vizuri kuliko aliyeipiga. Jicho la binadamu yeyote hukimbilia kinachochomoka ghafla, na katika dakika tano za mtu kuokota makopo kwa taratibu ile, kitu pekee kilichofanya jambo bila kuagizwa ni yule kuku. Aliyekuwa nyuma ya kamera alimtazama mtu wake wa katikati akasahau kona. Ukishapanga shoti, macho yako yaache uso wa mwigizaji yazunguke kingo nne za fremu, kona kwa kona: ndoo ya mtu wa sauti, mtoto anayechungulia, kalenda ya mwaka mwingine ukutani. Usipoviona wewe, yuko atakayeviona.

Sasa nije kwenye kimo, na hapa nitakaa, kwa sababu naona hapa ndipo filamu zetu zinapopoteza utajiri uliopo nyumbani.

Chukua tukio la msiba. Mikeka imetandikwa chumba kizima. Kina mama wamekaa, miguu imekunjwa upande, kanga zimefunika vichwa. Mfiwa ameegemea ukuta katikati ya dada zake. Mpigapicha anaingia, anafungua stendi yake kwa kimo alichozoea, usawa wa kifua chake, anainamisha kamera kidogo, anaanza kazi. Anapata nini? Vitambaa vya vichwa na mikeka. Nyuso zimeinama, na yeye yuko juu yake. Halafu jiulize: katika chumba kile, nani huwa amesimama? Ni aliyeingia mara moja kusema jeneza limeshatoka, au sahani zimepungua. Hasimami zaidi ya hapo, maana kuwasimamia wafiwa si adabu. Basi filamu nzima ya msiba inatazamwa na mgeni aliyekosa mahali pa kukaa.

Ishushe sasa kamera. Mtu mzima aliyekaa mkekani, macho yake yako kama sentimita 75 kutoka sakafuni, wakati ya aliyesimama yako mara mbili ya hapo. Stendi yako isiposhuka kufika hapo, beba mfuko wa mchanga, au kipande cha ubao, uilaze kamera juu yake. Kila kitu kinabadilika. Nyuso zinakuwa mbele yako. Ukuta unapanda, dirisha linakuwa juu, chumba kinakuwa kirefu. Na mtu akiingia, unaanza kuona miguu yake, kisha pindo la nguo, kisha mkono unaojishika mlangoni wakati anavua viatu. Uso wake unaufikia mwisho, anapokaa. Hujaandika neno moja la mazungumzo, na tayari mtazamaji anasubiri kujua ni nani aliyekuja.

Aliyelijua hili kuliko wote ni Yasujiro Ozu wa Japani. Watu wake pia hukaa chini, juu ya mikeka ya nyumba zao, na yeye kwa miaka mingi aliiweka kamera karibu na sakafu, na mpigapicha wake Yuharu Atsuta akilala chini nyuma yake. Lenzi ilikuwa karibu siku zote ileile ya milimita 50. Katika Tokyo Story ya mwaka 1953, wazee wawili wanasafiri kutoka Onomichi kwenda kuwaona watoto wao Tokyo, na watoto hawana nafasi nao. Hakuna anayepiga kelele. Kamera imekaa chini pamoja na wazee, na watoto ndio wanaoinuka, wanaopita, wanaotoka nje ya fremu kwa haraka zao. Unajua nani ana muda na nani hana kwa kuangalia tu nani ameketi. Ozu hakuwa na kamera ya miujiza. Alijua nyumba ya kwao inakaliwaje.

Sisi tuna mkeka, jamvi, kigoda, kibao cha mbuzi na baraza. Barazani wazee wamekaa na mpita njia anawasalimia akiwa amesimama, macho ya hawa yakiwa usawa wa mkono wa yule. Mjini Unguja tuna pia roshani na madirisha ya ghorofani, ambako kwa vizazi vingi wanawake wameutazama uchochoro bila wao kuonekana. Kwa hiyo engo ya juu kwetu ina mwenyewe. Ukiipiga shoti ya uchochoro kutoka dirishani, mtazamaji anahisi kuna mtu pembeni yake anayejua nani kapita na nani kamfuata. Ukiipiga kwa droni kutoka mita mia moja, unapata mabati, minazi na bahari, na mwenyewe hayupo. Droni ina kazi yake: kuonesha mafuriko yalivyotanda, kuonesha njia ya msafara. Lakini siku hizi kila filamu inafunguka na droni, na ninapoitazama najiuliza ni nani huyu anayeelea angani, na kwa nini hadithi ya mama lishe wa Kariakoo ianze na macho yake.

Nimesema ukurasa wa daftari si mbaya, ila nitatoa mfano wa mahali unapovunjika. Mnaambiwa engo ya chini humpa mtu mamlaka. Orson Welles na mpigapicha Gregg Toland waliitumia engo hiyo katika Citizen Kane, mwaka 1941, hadi wakatoboa sakafu ya studio ili kamera ishuke chini ya miguu ya waigizaji. Dari za studio huwa wazi kwa ajili ya taa na vinasa sauti. Wao wakatandaza kitambaa chepesi kiwe dari, kwa sababu kamera inayotazama juu itaiona. Na wapi walishuka chini kabisa? Ni usiku ambao Kane ameshindwa uchaguzi. Rafiki yake Leland anaingia amelewa na kumwambia ukweli wake. Kane anaonekana mkubwa kama mnara, na mnara huo umezungukwa na mabango ya kampeni iliyokufa, dari ikimkandamiza kichwani. Hapo ukubwa hauna ushindi ndani yake. Ni mtu mkubwa asiye na pa kwenda. Engo ileile, katika tukio jingine, ingesema kinyume. Ndiyo maana siwapi jedwali la maana za engo.

Klozapu niieleze kiufundi zaidi, kwa sababu wengi wenu mnapiga kwa simu. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na milimita 24 hadi 28 kwenye kamera kubwa. Ili uso ujae fremu, inabidi umsogelee mtu hadi sentimita 30 hivi. Kutoka ncha ya pua hadi sikio kuna kama sentimita 12. Maana yake sikio liko mbali na lenzi kwa asilimia 40 zaidi ya pua, kwa hiyo pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi nyuma mita mbili, tumia lenzi ndefu, na tofauti ileile ya sentimita 12 inabaki asilimia 6 tu; uso unatulia, na vitu vya nyuma vinafifia. Kinachobadilisha sura ni umbali wenyewe. Lenzi kazi yake ni kukata kipande cha fremu. Basi amua kwanza mtazamaji awe mita ngapi kutoka kwa mtu huyu. Kuna wakati unataka awe sentimita 30, mtu akiwa na homa kali, au akijifungia chooni kusoma ujumbe. Hapo uvimbe wa uso ni sehemu ya hadithi. Lakini bibi harusi siku ya kesha lake hahitaji kufanyiwa hivyo.

Aliyeipeleka klozapu mbali zaidi ni Carl Dreyer, katika filamu yake ya mwaka 1928 kuhusu kesi ya Jeanne d'Arc. Renée Falconetti alipigwa bila vipodozi, kuta nyuma yake nyeupe, uso baada ya uso. Filamu ni bubu, na kesi yote ni maswali na majibu, lakini husomi sana maandishi. Unasoma kope, mdomo uliopasuka, mate ya hakimu. Ninawashauri muitafute. Itawatoa kwenye tabia ya kuiona klozapu kama mahali pa machozi tu: pale inatumika kuonesha mtu akifikiri.

Tabia hiyo, pamoja na ile ya kuikwepa shoti ya mbali, haikutoka hewani. Bongo Movie ilikulia kwenye kanda na diski za kutazama nyumbani, na kwenye vibanda umiza vyenye televisheni moja ndogo. Filamu ilipigwa kwa siku chache. Katika hali hiyo sofa, watu wawili na shoti ya kati ni njia ya kumaliza kazi, na nawaheshimu waliojenga soko kwa vifaa vile. Skrini ndogo haina huruma na shoti ya mbali. Leo mnaniambia imezidi kuwa ndogo, imekuwa simu, tena imesimama wima. Mnauliza: mtu aliye mita mia mbili atamwona nani?

Jibu langu ni filamu ya Abderrahmane Sissako, Timbuktu, ya mwaka 2014, iliyopigwa Mauritania na Sofian El Fani. Kidane ni mfugaji. Ng'ombe wake mmoja ameingia kwenye nyavu za mvuvi Amadou, na Amadou amemuua. Kidane anakwenda kumkabili mtoni, bastola ikiwa nguoni. Wanashikana ndani ya maji ya kina kifupi, tuko karibu nao, mlio unasikika, wanaanguka wote. Mwongozaji wa kawaida angetuletea hapo klozapu: macho, damu, mkono unaotetemeka. Sissako anafanya kinyume. Anatutoa. Anaturudisha nyuma sana, mpaka mto wote, ukingo hadi ukingo, unaingia kwenye fremu moja, jua likiwa limeshuka na maji yameshika rangi yake. Kamera imetulia. Kidane ni alama ndogo nyeusi inayopepesuka kuvuka maji, anaanguka, anainuka, anaendelea. Upande wa pili alama nyingine inajaribu kuinuka.

Umbali ule umefanya kazi ambayo klozapu isingeiweza. Kwanza, umetunyima upande wa kuchukua: hatumwoni muuaji kwa uso wa kumhurumia wala marehemu kwa uso wa kumlilia, tunawaona wawili waliokuwa majirani katika bonde moja. Pili, umetupa muda. Katika klozapu Kidane angevuka mto kwa shoti tatu. Hapa inabidi tumsubiri avuke kwa miguu yake, na kila hatua tunajua kinachomngoja katika mji ambao wenye bunduki wameshaanza kuhukumu watu. Tatu, maji, mchanga na jua havikubadilika. Na jibu la swali la nani anatazama? Pale hakuna mtu, na ndiyo sababu tukio linaogopesha. Ni shahidi asiyeweza kuingilia, na Sissako amelichagua hilo kwa makusudi, baada ya kutuweka karibu kwanza. Asingetuweka karibu, umbali usingeuma.

Nimeitazama shoti hiyo kwenye skrini ya sinema na kwenye simu. Kwenye simu Kidane ni mdogo kuliko punje ya mchele, na bado nilimfuata hadi ukingoni. Jicho humfuata mtu likishamjua. Kinachoua shoti ya mbali kwenye simu ni kuiweka mwanzo, kabla mtazamaji hajamjua yeyote ndani yake, ndivyo tunavyofanya na droni zetu.

Kipande chenyewe ninacho hapa. Naomba fundi apunguze taa. Tutakitazama mara mbili, mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili na sauti yake, kisha mwenyekiti ataruhusu maswali.